Nusu ya Zulia

Baba Pacha alikuwa sebuleni kwake, lakini kichwa chake na kikombe chake cha chai vilikuwa nje ya dirisha. Jirani aliyekuwa anafagia uwanja alimsalimu bila kushangaa. Alishazoea, mwaka mzima sasa chai ya fundi saa huyo mstaafu ilinywewa hivyo.

Yote yalianzia dukani, siku alipokwenda na mkewe kununua zulia la sebule. Walichagua la rangi ya maziwa, la kutandazwa ukuta hadi ukuta. Wakiwa wanaaga, muuzaji akauliza kama wangependa lipuliziwe dawa ya kuzuia madoa.

"Lipuliziwe," alisema Mama Pacha. "Wajukuu wanakuja kila Jumamosi."

"Dawa ya madoa ni adabu," alisema Baba Pacha. "Mtu akishika kikombe vizuri, doa litoke wapi?"

Walibishana mpaka muuzaji akaenda kula, akarudi, akawakuta palepale. Kwa mzaha akawashauri wapulizie nusu. Wao wakalichukua kwa dhati. Kushoto ukiingia kungekuwa kwa Mama Pacha, na dawa yake. Kulia kungekuwa kwa mumewe, na adabu yake.

Siku ya kazi makochi yalikuwa yamerundikana mlango wa mbele, ikabidi mpuliziaji aingilie wa nyuma, kupitia jikoni.

"Kushoto tu," Baba Pacha alimwagiza kutoka uani, akarudi kwenye ubishi wake. Zulia lilipokauka, alibandika utepe mwekundu katikati ya chumba.

Upande wa kushoto maisha yakaendelea. Wajukuu walimwaga sharubati. Shemeji mtu alipinduka na sahani ya mchuzi. Mama Pacha hakuwa na papara. Aliinuka, akaleta kitambaa na maji ya vuguvugu, akagandamiza kidogo, doa likatoweka.

"Unaiona dawa?" alimwuliza mumewe.

Baba Pacha alizidi kujibana. Aliacha viatu, akaacha soksi, kisha akaweka beseni la kunawia miguu kando ya utepe. Chakula alikula jikoni, wima. Mgeni aliyeketi upande wake alitakiwa kushika kikombe kwa mikono miwili na asicheke akiwa na kinywaji mdomoni, kwa hiyo wageni wote wakahamia kushoto. Jioni walipiga soga huko, naye akawatazama kutoka kulia kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Jumamosi moja mjukuu wake mdogo alimkimbilia na embe lililomenywa mkononi. Baba Pacha akanyoosha kiganja.

"Ishia hapo kwenye utepe."

Mtoto akasimama. Akamtazama babu yake, akageuka, akaenda kukaa mapajani mwa bibi. Jumamosi iliyofuata alikuja mikono mitupu, na bado hakuvuka. Alimpungia babu kwa mbali, kama watu wanavyopungia basi linaloondoka.

Wiki hiyo Baba Pacha hakulala vizuri. Siku ya tatu akajisalimisha.

"Mama Pacha," alisema, akiangalia ukuta, "mpigie yule bwana. Aje apulizie na huku kwangu."

Mkewe hakumcheka. Alikwenda kucheka jikoni, mlango ukiwa umefungwa.

Mpuliziaji alifika kesho yake, akapiga magoti na chupa ya maji na kijiko.

"Kwanza nipime," alisema. "Maji yakizama, zulia halina dawa. Yakikaa juu, dawa ipo."

Alianza kwa Mama Pacha, pale palipoanguka mchuzi wa shemeji. Akamimina kijiko kimoja. Zulia likayanywa maji yote kabla hajainua mkono.

Akamimina cha pili. Nacho kikazama.

Mama Pacha alisogea, akainama, akapapasa zulia kwa kidole. Kidole kikalowa. Mumewe naye akawa ameacha kuangalia ukuta.

Mpuliziaji alivuka utepe bila kuvua viatu, akamimina kijiko cha tatu karibu na beseni. Maji yakajikusanya yakawa kama shanga, yakabingirika taratibu mpaka kwenye vidole vya Baba Pacha.

"Huku ipo, mzee," alisema, akifunga chupa yake. "Hata sufuria nzima ya mchuzi ungemwaga."