Hodi ya Tatu

Kila nyumba lazima irushe chombo cha anga na kupiga adui saa nzima kwa siku katika mchezo wa kompyuta, la sivyo bomba halitoi maji. Leo zamu ilikuwa yangu, mara ya kwanza. Binti yangu Salha, aliyekuwa rubani wetu kwa miaka miwili, akanisomea mwongozo: "Ukifika kituo cha adui, piga kwanza. Hamna watu, mama."

"Siingii kwa watu kimyakimya," nikasema, nikawasha kipaza sauti. "Hodi!"

Nikakisogeza chombo hadi mlango wa kituo.

"Hodi!"

"Mama, fyatua!"

"Hodi ni tatu. Hodi!"

Sauti ya mwanamke ikajibu kwa woga: "Karibu. Ila msitupige tena."

Salha akaitazama mikono yake. Nikaondoa kidole kwenye kitufe. Jikoni bomba likakohoa, likanyamaza.

"Na likauke," nikasema. "Mwenye nyumba kashanikaribisha."