Midaisi ya Bi Mwanakheri

Sheria ilimtaka kila mwenye nyumba apande midaisi mirefu kuliko paa. Maua yake hufuata jua, ila penye mwenye homa humwelekea mgonjwa, naye huchukuliwa asirudi.

Asubuhi hiyo maua yote ya Bi Mwanakheri yalielekea dirisha la mumewe. Akamtoa nje, akamkalisha upande wa mashariki, jua likiwa nyuma yake.

"Ndiyo kunianika kama dagaa huku?" Mzee Kombo alitania, meno yakigongana.

"Nyamaza, Baba Ramla. Mkaguzi yuko kwa jirani."

Mkaguzi aliingia, akayatazama maua, akatia vema kwenye karatasi yake, akatoka.

Mwanakheri alishusha pumzi, akaenda kufunga lango, upande wa magharibi. Alipogeuka, nusu ya maua yalikuwa yamemfuata.