Waliomkumbuka Horace

"Nani kati yenu anamkumbuka Horace Tapp?"

Bibi aliyeuliza hivyo alikuwa amesimama mlangoni mwa baa iitwayo Mganda wa Ngano, koti lake likichuruzika maji ya mvua. Ilikuwa saa tisa alasiri, Jumanne, na ndani mlikuwa na watu watatu tu: Gethin, mwenye baa, Colin, aliyesambaza barua mjini Ledwick hadi alipostaafu, na mzee Bufton, mfugaji wa kondoo, ambaye huweza kumaliza painti mbili za bia bila kutoa neno.

"Horace?" alisema Gethin, kujipa muda.

"Mume wangu. Huku ndiko alikokuwa akinywa, zamani. Mimi ni Winifred."

"Na mwenyewe yuko wapi siku hizi?"

"Hayupo, baba."

Colin akavua kofia. Gethin akatoka nyuma ya kaunta, akampokea bibi koti, akamvutia kiti karibu na moto.

"Nipe nusu glasi ya ile aliyokuwa akiipenda," bibi aliomba.

Gethin alitazama mikono mitatu ya pampu, kila mmoja na pipa lake kule chini ghalani. Akaushika wa katikati, akavuta taratibu mpaka bia nyeusi ikatulia na povu lake jembamba. "Horace hakugusa nyingine ila hii."

Bibi alionja, akakunja uso, kisha akatabasamu. "Ndiyo yenyewe."

"Una picha yake, mama?"

"Sina hata moja."

Colin alikuwa akipanga dhumna peke yake. Akaziacha. "Ngoja, ngoja. Si yule mrefu mrefu?"

Bibi alifikiri kidogo. "Mrefu," akakubali.

"Basi namjua! Kicheko chake kile! Akicheka, madirisha yanatikisika."

"Kweli? Alikuwa akicheka sana hapa?"

"Bwana wee! Tulikuwa tunarudi nyumbani mbavu zinauma."

Gethin alimkata Colin jicho asipitilize. Lakini bibi alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, mashavu yamemwiva kwa joto la moto, naye alitaka zaidi. Aliuliza Horace alikuwa akikaa wapi; wakamwonyesha benchi la dirishani. Aliuliza kama alikuwa mgomvi. Wakaapa kwamba hakuwahi kumkwaruza mtu. Kila jibu alilipokea polepole, kama mtu anayevishwa nguo mpya asiyetaka kuikunja.

Kisha akaiweka glasi chini.

"Na mimi je? Alikuwa akinitaja?"

Colin akainamia dhumna zake. Gethin akachukua kitambaa, akaanza kufuta glasi iliyokwisha kukauka. Njia ya mwongo ni fupi, na yao ilikuwa imefika ukingoni.

Mzee Bufton akasafisha koo.

"Saa kumi na moja ikikaribia, hakaliki," alisema, macho yake motoni. "Bia imejaa nusu glasi, anaiacha. 'Winnie ananingoja,' anasema. Sisi tunamzomea: umekaliwa, bwana! Hajali. Anavaa kofia yake. 'Chekeni tu,' anatuambia. 'Nyie mnarudi nyumbani. Mimi narudi kwa mtu.'"

Mvua ilipiga vioo.

"Aliniita Winnie?"

"Kila mara."

Alimaliza bia yake yote, mpaka tone la mwisho. Akawapa mkono mmoja mmoja, na mkono wa Bufton akaukawiza ndani ya wake. "Mmenitendea wema mkubwa," alisema. Basi lake lilikuwa la saa kumi na nusu. Gethin alimfungulia mlango, akasimama akimwangalia mpaka alipopotea kwenye kona ya kanisa.

Aliporudi ndani, aliiokota glasi tupu ya bibi.

"Haya, semeni," Colin alisema mwishowe. "Nani alimjua huyo Horace?"

"Mimi sijapata kumsikia," Gethin alijibu. "Na wewe, na madirisha yako yanayotikisika?"

"Mimi? Ningefanyaje, bwana? Uliyaona macho yake?"

Wakamgeukia Bufton.

"Lakini yale ya saa kumi na moja, mzee, uliyatoa wapi?"

"Ni yangu," alisema Bufton. "Nesta alikuwa akiningoja." Akaisukuma glasi yake kuelekea kwenye pampu. Gethin aliijaza bila kuuliza neno jingine, na Colin akasogeza dhumna zake hadi meza ya mzee, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya mkewe, Nesta.

Kule kituoni, basi lilikuja tupu. Dereva, kijana mwenye mdomo mwepesi, alimsubiri bibi apande ngazi.

"Karibu, bibi! Mvua yote hii, ulikuwa wapi? Na unanukia bia! Leo mzee nyumbani atakugombeza."

"Nyumbani hakuna mzee, mwanangu."

"Aa, pole sana. Alifariki lini?"

"Hakufariki," alisema bibi. "Sijaolewa hata siku moja."

Alikwenda kukaa kiti cha nyuma, peke yake, akafungua ratiba ya mabasi. Akapitisha kidole juu ya majina ya miji aliyokwisha kuikata kwa kalamu, akaukata Ledwick, kisha akatafuta mji wa Jumanne ijayo.