Mlango wa Bibi

“Mlango huo wa mbele kila mgeni keshaupiga picha, Shamsa. Mpeleke nyuma, kwenye ule wa bibi yangu.”

“Nyuma wanapita kuku, Mafunda. Na leo fundi anapaziba.”

Mwinchande, mpiga picha wa majumba ya kale, alibaki katikati na kamera yake, huku mtaa mzima ukijaa vibarazani kusikiliza. Bi Shamsa, mwenye nyumba, alitaka zionekane nakshi za wazee wake. Bi Mafunda, jirani yake, alitaka kimlango ambacho bibi yake, mtumwa wa nyumba hiyo, alikipita ameinama mpaka anakufa.

Mwinchande akazunguka nyuma, wote wakamfuata. Fundi alikuwa anakoroga saruji. Ubavuni mwa kimlango, usawa wa kiuno, ukuta ulikuwa umelika na kung'aa. Aliinama apite, na kiganja chake chenyewe kikaenda kutua papo hapo palipolika.

“Kuku gani hao wenye mikono?” Bi Mafunda aliuliza nyuma yake.

Watu wakacheka. Bi Shamsa hakucheka. Alipatazama kitambo, akamwambia fundi asubiri, kisha akarudi mbele kuufungua mlango mkubwa, mbao zote mbili.

“Mafunda, pilau inapoa. Pita huku.”

Tangu azaliwe, hata siku za harusi, Bi Mafunda na wa kwao huingilia nyuma. Alivua viatu kizingitini. Mwinchande akainua kamera, akamwona: mlango mrefu hata ngamia angepita, na yeye, akiingia, mgongo ameshauinamisha.