Vidole vya Hidaya

Kila alasiri kivuli cha Hidaya kilishuka ukutani taratibu, kikaketi jamvini karibu na mama yake, Mize. Ndiyo sheria: msichana anayepelekwa kazi za ndani ng'ambo huacha kivuli kwao. Mwili wa kivuli huiga kila mwondoko wa mwili wake huko aliko. Maneno ya kivuli hutiwa na ofisi iliyompeleka.

"Shikamoo mama. Niko salama, tajiri wangu ananipenda," kilisema kwa sauti laini.

"Marahaba mwanangu."

Lakini vidole vya kivuli havikutulia. Vilipanda na kushuka hewani kana kwamba vinachambua nyuzi za mwanga.

"Mize, mwanao kapata upele wa ng'ambo," alitania jirani yake, Bikombo. "Hebu mkune!"

Mize hakucheka. Vidole vile alivifundisha yeye kusuka ukili wa mikeka. Akatwaa miyaa ya rangi, majani ya mkindu yaliyochanwa, akavifuata hatua kwa hatua, kama wanawake wa kisiwani wasukavyo mikeka yenye maandishi. Siku ya nne herufi nyekundu zikajitokeza: NIMEFUNGIWA. NITOENI.

Bikombo akaziba mdomo. "Tutamtoaje, shoga? Hata mji aliko hatuujui."

"Mama," kivuli kikasema kikitabasamu, "ofisi inasema mikono inakula umeme mwingi. Kesho nitakuja bila mikono."

Mize akatwaa miyaa mingine. Vidole vya kivuli vilikwisha kushika kasi, kana kwamba navyo vimesikia, na yeye akavikimbiza, machozi yakilowesha miyaa, mpaka ikatokea herufi ya kwanza ya jina la mji.