Plasta ya Begani

Tangu maumivu yapigwe marufuku, kila mtu mzima huishi na plasta ya afyuni begani. Mwaka haujaisha, afyuni ikaikata hedhi ya Mwanaiki. Mumewe, Shekue, kidevu kikawa laini kama cha mtoto, wakawa wanalala kama ndugu.

Mwanaiki alitaka kuzaa. Akaibandua plasta yake kwa siri. Kesho yake jasho likamtiririka, tumbo likamsokota. Akafurahi, akachana kanga kuukuu, akajisitiri, akangoja damu.

Kitambaa kilibaki kikavu.

“Hiyo si hedhi, mke wangu,” Shekue alisema kwa upole, plasta mpya mkononi. “Ni afyuni inakuita.”

Mwanaiki aliung’ata mto. Alitaka kukataa, lakini bega lake lilikwisha kumgeukia Shekue, lipokee plasta.