Picha ya Kifuani

Muuguzi aliibandua picha yake kifuani, akabandika ya mtu mwingine.

Tangu maradhi yaingie, wodini kila mtu alifunikwa gubigubi: vazi jeupe, barakoa mbili, miwani, glavu. Wagonjwa hawakujua nani ni nani, ndipo ikaamriwa kila muuguzi abandike kifuani picha ya uso wake. Hapo ndipo mzee wa kitanda cha nne alipoanza visa. Akiona picha ya muuguzi mweusi anageukia ukutani, na dawa hamezi.

"Nileteeni mzungu," alisema.

Maneno ya namna hiyo muuguzi alishayazoea, lakini ya mzee huyu yalimkaa rohoni. Angemwacha anune mpaka achoke mwenyewe. Ila mzee alikuwa anakwisha, na kazi ni kazi. Akafungua droo ya mwenzake mzungu, waliyempachika jina la Kicheko, aliyekuwa nyumbani akiugua ugonjwa huohuo, akachukua picha yake.

Mzee alipoiona alishusha pumzi. Alimeza dawa zote bila hata kukunja uso, akamwita mwanangu. Muuguzi aliitikia kwa kichwa, huku roho inamchemka.

Saa sita mchana kifua cha mzee kikaanza kuhangaika. Muuguzi alikimbilia simu ya mlangoni, akampigia daktari.

"Kifaa cha kidoleni kinasemaje?"

"Kinasema hewa inamtosha. Lakini daktari, mimi namwona, haimtoshi."

"Kikisema inatosha, inatosha."

Akapiga tena, akajibiwa yaleyale. Mara ya tatu simu haikupokelewa. Kitanda cha pili daktari alikuwa amefika mara mbili asubuhi hiyo, bila hata kuitwa.

Muuguzi alirudi akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mzee mkono. Hasira zote zilikuwa zimemtoka, amebaki na huruma na hofu.

"Wamesemaje?" mzee aliuliza, kila neno na pumzi yake.

"Wanakuja, baba," alidanganya.

Mzee aliinua kidole, akaigusa ile picha, akatabasamu.

"Piga tena, mwanangu. Ukiita wewe, watakuja. Tukiita sisi weusi, hawaji."